Ukianza kusoma ubongo wa watoto wenye usonji, anza na umri

Karibu kila mgeni katika kazi hii huanza kwa kuuliza ubongo wa mtoto mwenye usonji (autism) ukoje. Swali hilo halijibiki mpaka useme mtoto ana miaka mingapi, maana tofauti inayoonekana wazi akiwa na miaka 8 inaweza isiwepo kabisa akifika 15.

Chukua amigdala, kile kijisehemu chenye umbo la lozi kilichojificha upande wa ndani wa ubongo, usawa wa masikio. Kwa wavulana wenye usonji wa miaka 7 hadi 12, picha za MRI, zile zinazopigwa kwa mashine ya sumaku kuonyesha ndani ya mwili, zilionyesha amigdala kubwa kuliko za wenzao. Kwa waliokwisha kubalehe, tofauti haikuonekana. Haikusinyaa, ni ya wenzao iliyoendelea kukua hadi ikaifikia. Sasa mtu akiwachanganya wote, wa miaka 7 hadi 18, akatoa wastani mmoja, ataandika kwamba hakuna tofauti. Kwa hiyo ukifungua makala yoyote, tazama kwanza jedwali la umri, halafu uangalie kama watoto walewale walipimwa tena na tena au ni watoto tofauti waliopangwa kwa umri. Hao wa pili hawakuonyeshi ukuaji, hata mstari kwenye grafu ukipanda vizuri namna gani.

Kuhusu kichwa kikubwa, uwe mwangalifu. Leo Kanner, daktari wa akili wa watoto, alipowaeleza watoto 11 aliowachunguza mwaka 1943, aliandika kwamba watano walikuwa na vichwa vikubwa kiasi, na tangu hapo jambo hilo limerudiwa kama kanuni. Ubongo mkubwa kupita urefu wa mwili huonekana kwa takriban 15% ya wavulana wenye usonji. Hao wachache ndio wanaopandisha wastani wa kundi zima. Tena kuna kipande cha kromosomu ya 16 ambacho kikikosekana kichwa huelekea kuwa kikubwa, na kikijirudia huelekea kuwa kidogo, na hali zote mbili huongeza uwezekano wa usonji. Weka watoto wa aina zote mbili kwenye kundi moja uone wastani wako utasema nini!

Ukipewa utepe upime mzingo wa kichwa, tumia usiovutika. Upite juu kidogo ya nyusi, juu ya masikio, na nyuma pale kisogo kinapochomoza zaidi. Pima mara tatu, kila mara ukiuondoa kabisa na kuuweka upya, uchukue kipimo kikubwa zaidi, hadi milimita. Nywele zilizosukwa zitakudanganya. Mvulana wa miezi 12 wa kawaida ana sentimita 46 hivi, na mkengeuko sanifu, yaani kipimo cha jinsi watoto wanavyotofautiana na wastani, ni kama sentimita 1.3 tu, kwa hiyo kosa la nusu sentimita si dogo. Pima na wazazi, kwa kuwa vichwa vikubwa hurithiwa. Andika pia umelinganisha na chati ipi: zamani ilitangazwa kwamba vichwa vya watoto wenye usonji hukua kwa kasi mapema, lakini sehemu ya “ukuaji wa kasi” huo ilitokana na chati zenyewe, kwani hata watoto wasio na usonji walionekana kukua kupita kiasi walipowekwa juu yake.

Hilo halimaanishi kwamba ukuaji wa mapema ni hadithi tupu. Utafiti wa mwaka 2017 uliwafuata wachanga wenye kaka au dada mwenye usonji. Kwa wale waliokuja kutambuliwa nao, eneo la gamba la ubongo, ile tabaka yake ya nje, lilitanuka haraka kati ya mwezi wa 6 na wa 12, kisha ujazo ukafuata katika mwaka wa pili. Kumbuka tu kwamba ni watoto wa familia ambazo tayari zina usonji.

Ubongo wa kijana hupogoa viunganishi vya seli za neva, kama mkulima apogoavyo matawi. Mwaka 2014, ubongo wa marehemu ulipochunguzwa, viunganishi vilikuwa vimepungua kwa karibu nusu kufikia mwisho wa ujana kwa wasio na usonji, na kwa takriban 16% tu kwa wenye usonji. Wageni hulipenda sana jambo hili. Lakini sampuli zilikuwa chache na za sehemu moja ya ubongo, na mwaka 2024 watu wazima 12 wenye usonji walipopimwa wakiwa hai, walikutwa na viunganishi pungufu kwa takriban 17% kuliko wenzao. Usiandike “ubongo usiopogolewa” kana kwamba kesi imekwisha.

Kinachoharibu kazi nyingi kuliko yote ni mtoto kutikisa kichwa ndani ya mashine. Kwa miaka mingi iliaminika kwamba katika usonji sehemu za ubongo zilizo mbali huwasiliana hafifu na zilizo jirani huwasiliana kupita kiasi. Mwaka 2012 ikaonyeshwa kwamba mtikisiko wa sehemu ya milimita huzalisha sura hiyohiyo, na watoto wenye usonji mara nyingi hutikisika zaidi. Picha za umbo la ubongo nazo haziponi: gamba huonekana jembamba kuliko lilivyo. Mzoeze mtoto kwenye mashine bandia, umsikilizishe ile milio, umpe vizibo vya masikio, uanze na picha muhimu kabla hajachoka. Mchanga mpige picha akiwa usingizini. Kila picha itazame kwa macho yako kabla ya kuiachia programu. Wengi huweka kikomo cha mtikisiko cha milimita 0.2 kati ya picha moja na inayofuata. Ila ukiwatupa wote waliotikisika, utabaki na wakubwa, watulivu na wanaoongea vizuri, na wenye ulemavu wa akili watatoweka. Andika umewatupa wangapi, na ni kina nani.

Mzazi akikuuliza kama MRI itamwonyesha usonji wa mwanawe, mjibu kwamba haionyeshi. Hata watu zaidi ya 1,500 wenye usonji walipolinganishwa na wengine, tofauti za wastani zilikuwa kama sehemu moja ya tano ya mkengeuko sanifu, au chini ya hapo. Daktari huagiza picha kwa sababu nyingine, kama degedege au mtoto kupoteza ujuzi aliokuwa nao. Na kwa kuwa kifafa huelekea kuanza katika vipindi viwili, miaka ya mwanzo na wakati wa balehe, mzazi wa kijana wa miaka 13 anayeanza kukodoa macho kwa sekunde kadhaa bila kuitika, mwambie ampeleke kwa daktari wa neva.