Chelezo cha kuvulia perege bwawani

Kamwene ndugu. Umeuliza kwa nini perege wa bwawa la huko Mufindi wanamaliza nyungunyungu wote, huku chelezo, yaani kile kiboya kinachoelea kwenye mshipi, kinatikisika tu bila kuzama. Chelezo chako ni kikubwa mno. Hilo duara la plastiki la ukubwa wa limau halizami kirahisi. Perege akivuta kidogo anahisi uzito, anatema.

Tafuta chembamba na kirefu. Mwiba wa nungunungu uliookotwa porini ni mzuri kuliko vingi vya dukani, au chonga kipande cha kandambili. Lakini jambo lenyewe hasa ni chubwi, ule uzito wa kwenye mshipi: ongeza vipande vidogo vya madini ya risasi kimoja kimoja mpaka ibaki ncha tu juu ya maji, sentimita moja hivi. Hapo samaki akigusa tu, utaona. Na chelezo kikiinuka ghafla au kikalala, vuta! Maana yake ameinua chambo pamoja na chubwi. Wengi hupoteza samaki hapo kwa kungoja kizame.

Upepo ukivuma, hasa bwawa la Mtera ambako maji ni mapana, kinene kidogo kinafaa, la sivyo hutakiona kwenye mawimbi. Kina kikizidi urefu wa fimbo yako, acha chelezo kiteleze kwenye mshipi, kisha funga fundo la uzi pale unapotaka kikomee. Ndoana nayo iwe ndogo, mdomo wa perege si mkubwa.