Bakteria wa utumbo: maadui au wasaidizi?
Umeuliza kama bakteria wa utumbo wanaleta saratani au wanasaidia tiba. Yote mawili, inategemea ni wepi. Baadhi ya E. koli, aina ya bakteria waishio utumboni, hutengeneza sumu iitwayo kolibaktini, inayoharibu DNA ya seli za utumbo mpana. Ila kwenye tiba ndiko kuna vituko: dawa ya saratani ya irinotekani huzimwa na ini vizuri tu, ikifika utumboni bakteria wanaiwasha upya kwa kimeng'enya chao, mgonjwa anaharisha vibaya. Na mwaka 2021 watafiti waliwapandikizia wagonjwa wa melanoma (saratani ya ngozi) kinyesi (ndiyo, kinyesi!) cha watu walioitikia tiba ya kinga, yaani ile inayoamsha kinga ya mwili ipambane na saratani, na dawa hiyo iliyokuwa imegoma ikaanza kufanya kazi kwa baadhi yao. Vidonge vya probiotiki (bakteria hai wanaodhaniwa kuwa na faida) usimeze kwa kubahatisha, muulize kwanza daktari anayekutibu.