Beetle ya dramu ikivishwa diski: tafuta kosa kabla hujanunua kitu

Breki mpya ikisumbua, fundi mgeni hukimbilia kalipa (kifaa kinachobana diski kwa pedi) kwa sababu ndiyo iliyofungwa jana. Mara nyingi kalipa haina kosa. Kosa liko kwenye masta silinda (pampu ya mafuta ya breki) iliyobaki ya dramu, kwenye fimbo inayosukumwa na pedali, au kwenye beringi iliyokazwa kwa kukisia. Tunazungumzia Volkswagen Beetle ya masta yenye saketi mbili, yaani njia mbili za mafuta zinazojitegemea, moja ya mbele na moja ya nyuma: mbele imewekewa diski na kalipa za pistoni mbili, nyuma dramu zimebaki.

Anza na kosa linalounguza pedi. Gari linatoka gereji vizuri, baada ya kilomita 5 linakuwa zito, linanuka, na rimu haishikiki kwa joto. Piga jeki breki zikiwa bado zimeshika. Ukisubiri zipoe, ushahidi umeondoka. Hakikisha gurudumu halizunguki kwa mkono, kisha chukua spana namba 11, tega kitambaa, ulegeze nusu raundi nati ya paipu ya gurudumu hilo pale inapoingia kwenye masta. Gurudumu likiachia, masta ndiyo iliyokuwa imefungia presha. Lisipoachia, kaza tena, uende kulegeza nipeli ya kalipa (skrubu ya kutolea hewa). Likiachia hapo, mpira wa breki umevimba kwa ndani: mguu wako una nguvu ya kupitisha mafuta kwenda, lakini hayana nguvu ya kurudi yenyewe. Lisipoachia hata hapo, acha habari za mafuta. Hapo ni chuma: pistoni imeganda, pedi imebana kwenye nafasi yake, au kalipa imekaa upande. Kazi hii haifiki dakika 10, na ukimaliza toa hewa kwenye paipu ulizofungua.

Ukigundua ni masta, sababu ni mbili. Ya kwanza ni vali ya kubakiza presha. Breki za dramu huachiwa presha kidogo kwenye paipu ili raba za silinda za magurudumu zisinyonye hewa, na springi za breki shoo (vipande vinavyosukumwa kugusa dramu) zina nguvu ya kuishinda. Diski haina springi. Pistoni hurudishwa na raba yake tu, inayojipinda ukikanyaga na kujinyoosha ukiachia, tena kwa sehemu ndogo ya milimita. Presha ikibaki, pedi inabaki imeegemea diski. Kwenye Beetle vali hii ni kipande kidogo kinachofungwa kati ya masta na paipu. Toa za mbele, acha ya nyuma. Ukiuziwa vali ya psi 2 kwa ajili ya diski, rudisha: hiyo ni ya magari ambayo bakuli la mafuta liko chini ya kalipa. Bakuli la Beetle liko juu, kwenye buti ya mbele.

Sababu ya pili ni fimbo ya pedali. Kati ya ncha yake na pistoni ya masta lazima ibaki nafasi ya milimita 1, ambayo juu ya pedali utaihisi kama milimita 5 hadi 7 za kucheza. Mtu akiona pedali iko chini huirefusha fimbo ili ipande. Inapanda kweli, lakini raba ya masta inakaa juu ya kile kitundu kidogo cha kurudishia mafuta kwenye bakuli. Mafuta yakipata joto yanatanuka, hayana pa kwenda, na gari linajifunga breki lenyewe barabarani. Ndiyo maana kosa hili halionekani gereji.

Pedali ikizama ni habari nyingine. Piga hesabu kidogo. Kalipa yenye pistoni mbili za milimita 40 ina eneo la takriban milimita za mraba 2,513, na kalipa mbili 5,027. Masta yenye kipenyo cha milimita 19.05 ina milimita za mraba 285. Kila pistoni ikihitaji kusogea milimita 0.3 kufikia diski, masta inasafiri milimita 5.3. Kama pedali inazidisha mara 5, mguu umeshuka milimita 26 kabla breki haijaanza kushika. Sasa fikiria beringi iliyolegea: diski inayumba kwenye kona, inazisukuma pistoni ndani, na mkanyago unaofuata unaanzia mbali zaidi. Kanyaga mara mbili haraka. Pedali ikipanda kwenye mkanyago wa pili, usikimbilie kutoa hewa tena. Weka kwanza geji ya saa (kipimo cha mshale) kwenye habu, kitovu cha gurudumu: mchezo wa beringi uwe kati ya milimita 0.03 na 0.12. Kumbuka stabu (ekseli fupi ya gurudumu la mbele) ya kushoto ina nyuzi za kushoto, yaani nati yake hukazwa kinyume. Kisha rekebisha breki shoo za nyuma. Kaza mpaka gurudumu likwame, rudisha meno 3 hivi. Beetle nyingi zinazolaumiwa diski, kosa lilikuwa dramu za nyuma zilizosahaulika.

Pedali ikibaki laini, bana mipira yote minne ya breki kwa klempu zenye midomo ya mviringo, si kwa koleo. Ikiwa ngumu, masta ni nzima. Achia mpira mmoja mmoja mpaka ulaini urudi, na hapo ndipo penye hewa. Kama ni mbele, tazama nipeli. Lazima iwe juu. Kalipa ya kushoto ikifungwa kulia, nipeli inakaa chini na hewa haitoki hata ukimaliza dumu zima. Kwa gari la usukani wa kulia, masta iko kulia, kwa hiyo toa hewa kuanzia nyuma kushoto, nyuma kulia, mbele kushoto, umalizie mbele kulia. Tumia mafuta ya breki ya daraja la DOT 4. DOT 5 ni ya silikoni, haichanganyiki na mafuta ya kawaida, na wala si ndugu ya DOT 5.1.

Pedali ngumu lakini gari halisimami? Beetle haina busta (kifaa cha kuongezea mguu nguvu), na diski haijivutii yenyewe kama breki shoo, kwa hiyo uzito fulani ni wa kawaida. Osha diski mpya kwa spiriti, zina mafuta ya kuzuia kutu. Halafu zoesha pedi mpya kwenye diski: punguza mwendo kutoka kilomita 60 kwa saa hadi 20, mara 10 au 15, bila kusimama kabisa. (Volkswagen 1200 iliyoshinda East African Safari ya 1962 ilikuwa na dramu pande zote, kwa hiyo anayetegemea diski zifiche breki zisizorekebishwa amepotea njia.)

Jambo moja halina mzaha. Nyuzi za paipu za Beetle ni M10x1. Nati za Kimarekani za 3/8 zenye nyuzi 24 kwa inchi zinaingia humo, zinazunguka, hata zinaonekana kukaza, lakini zimeshika nusunusu na presha itazing'oa. Nati ikiingia ikichezacheza, usiikaze. Itoe, uipime kwa vernia: ya M10 inakaribia milimita 10, ya Kimarekani inakaribia 9.5.

Na kipima mwendo kikifa siku hiyohiyo, angalia kifuniko cha grisi cha gurudumu la mbele kushoto. Waya wa kipima mwendo unapita ndani ya stabu na kuzungushwa na kifuniko hicho, na vifuniko vingine vinavyokuja na diski havina tundu la mraba.