Yaya ameondoka, mimi bado ni wa Lupopo

Tulipomaliza kumzika yaya, watu waliokuja kunipa pole walikuwa wanamalizia na ombi moja: sasa na wewe uhamie timu yake ya mpira, Mazembe. Waliomba kwa upendo. Mmoja wao, aliyekaa naye jukwaani miaka mingi, alivua skafu yake nyeusi na nyeupe akanivisha shingoni kwa mikono yake, akasema, "Umufanyie ivi tu." Niliivaa jioni ile yote. Nilipofika kwangu niliikunja, nikaiweka juu ya kabati, na asubuhi nikamrudishia mwenyewe.

Kwa msomaji asiye wa Lubumbashi, huku Kongo: huku kwetu yaya ni ndugu mkubwa, si mlezi wa watoto. Huyu alikuwa mtoto wa baba mkubwa, amenizidi miaka minne, na tulikulia ua mmoja katika komini ya Kenya, sehemu ya mji wetu, si nchi ya Kenya. Undugu tulipewa. Urafiki tuliutengeneza wenyewe, na tuliutengeneza kwa kubishana. Baba yangu alifanya kazi ya reli, na Lupopo ni timu ya watu wa reli, hadi leo wanaitwa Cheminots, kwa hiyo mimi nilizaliwa nikakuta rangi ya bluu na njano nyumbani. Yeye alichagua Mazembe akiwa mtoto, peke yake, na maisha yake yote aliniambia kwamba aliyechagua anapenda kuliko aliyerithi.

Timu zote mbili zilizaliwa mwaka mmoja, 1939, na nyumba nyingi za mji huu zimegawanyika kama yetu. Kwa hiyo najua kuna mtu atakayesoma hapa akiwa na jezi ya marehemu mkononi, hajui aifanyie nini. Ushauri wangu kwako ni huu: usihamie timu yake. Baki pale pale alipokuacha.

Nieleze kwa nini. Yaya alikuwa na mashabiki wenzake mamia wa kumkumbuka kama kunguru mwenzao, maana ndivyo watu wa Mazembe wanavyojiita. Wa kumkumbuka kama mpinzani alikuwa ni mimi tu. Nani mwingine anajua namna alivyokuwa akinigeukia Mazembe ikifunga, hasemi kitu, ananyanyua nyusi tu? Ningeendelea kuvaa ile skafu, mtu yule angekuwa amekufa mara ya pili, na safari hii mkononi mwangu.

Tulikuwa na desturi yetu. Baada ya kila derby, yaani mechi ya Lupopo na Mazembe, aliyefungwa alitembea kwa miguu hadi kwa aliyeshinda, akakaa, akasikiliza mechi yote ikisimuliwa upya tangu dakika ya kwanza. Hakuna kukatiza. Hakuna kusema refa. Unakunywa munkoyo wako, kinywaji chetu cha mahindi, na unasikiliza. Akinifungulia mlango alisema neno lile lile kila mara: "Leta masikio, mudogo. Ikala," yaani kaa. Kisha anaanza, na kwa vile alikuwa msimulizi mzuri, mechi ya dakika tisini ilichukua saa tatu. Alitumia vizibo vya chupa kuwapanga wachezaji mezani. Kizibo kilichopinda kilikuwa beki wetu wa kulia, sikuzote, hata beki mwenyewe alipobadilika.

Nami nilikuwa na silaha zangu. Kubwa ilikuwa mwaka 1967. Mazembe, wakati huo ikiitwa Englebert, inahesabu lile kuwa kombe lake la kwanza la Afrika. Ni kweli ni kombe. Lakini fainali mbili na Asante Kotoko ya Ghana ziliisha sare, na ilipopangwa mechi ya tatu Kotoko hawakutokea, Englebert wakapewa. Kila nilipozidiwa nilimwuliza, "Mulifunga nani?" Naye anajibu kwamba mwaka 1968 walilichukua tena bila kupewa na mtu. Nami namkumbusha kuwa 1970 Kotoko walikuja kulichukua Kinshasa kwenyewe. Hapo shemeji huko jikoni anapiga kelele kwamba mwaka 1970 hakuna kati yetu aliyekuwa amezaliwa.

Alifariki kwa shinikizo la damu, usiku mmoja, akiwa na miaka arobaini na sita. Sina zaidi la kusema juu ya usiku huo.

Kuhusu kilio chenyewe nina mambo machache, na nayasema kwa sababu tuliyakosea. Kikundi cha mashabiki wenzake kilikuja na ngoma wakitaka jezi yake iwekwe juu ya sanduku. Wazee wa familia waliokaa chini ya turubai walikataa, wakasema mazishi si kiwanja. Maneno yakapanda. Wakati huo hakuna aliyeingia ndani, kule wamama walikokaa juu ya mikeka, kumwuliza mjane. Nilipoingia hatimaye, shemeji alijibu bila hata kuinua kichwa: jezi moja aende nayo, ile ya zamani iliyotoboka kwapani, na zile nyingine zibaki kwa watoto. Ilichukua nusu dakika. Kwa hiyo kama marehemu wako ana kundi lake la mpira, nenda kwa mjane mapema, kabla ngoma hazijafika, umwulize yeye, halafu wewe ndiye upeleke jibu lake kwa pande zote mbili. Wazee hawatabishana na mjane mbele ya watu, na mashabiki pia hawatathubutu.

Na simu. Simu yake ilikaa siku kumi tu, ikapewa kijana mmoja wa familia aliyekuwa anaihitaji kwa masomo, naye akaifuta yote ili aanze upya. Hakukosea kijana, hakuna aliyemwambia. Lakini ndani yake kulikuwa na sauti za miaka. Kilichobaki ni zile alizonitumia mimi, sitini na moja, nyingi za dakika nne au tano, karibu zote zikiwa matusi ya mpira. Nimezinakili sehemu tatu. Fanya hivyo leo, ndugu yangu, hata kabla ya kumaliza kusoma, hata kama mtu wako bado yuko hai. Picha tunazo nyingi. Sauti ndiyo inayopotea, na mtu wa mpira anaishi ndani ya sauti yake.

Jambo lililotushinda kabisa ni kombe la kumbukumbu. Sisi wa mji huu tukifiwa na mtu wa mpira tunakimbilia kuandaa mashindano kwa jina lake. Tulichanga, tukapata timu nane za vijana, tukachapisha fulana zenye sura yake, na siku ya fainali watu walijaa hadi barabarani. Nililia kwa furaha. Mwaka uliofuata ukaja mgogoro wa fedha kati ya waandaaji, maneno makali yakasemwa juu ya jina la mtu asiyeweza kujitetea, na kombe likafia pale. Sisemi usifanye. Nasema kama hakuna mtu mmoja wa kushika fedha na kusoma hesabu mbele ya wote siku hiyo hiyo, heshima ya marehemu inakuwa rehani. Zile fedha tungewanunulia vijana wa mtaa mipira miwili kila mwanzo wa msimu, ingekuwa kidogo, na ingekuwepo hadi leo.

Narudi kwenye lile langu. Derby ya kwanza bila yeye, Lupopo tulifungwa. Nilikuwa nimekwenda uwanja wa Kamalondo kwa nguvu, maana miguu ilikataa. Nilikaa upande wetu, sikuimba. Filimbi ya mwisho ilipolia nilisimama nje ya uwanja kitambo. Wenzangu walipanda basi. Mimi nilikuwa nadaiwa. Nilijiambia kwamba deni limekufa na mwenye nalo, kisha nikaona sitalala. Nikatembea.

Shemeji alifungua mlango, akanitazama, akaelewa mara moja. Hakusema kitu. Alikwenda akaleta munkoyo, akauweka mezani mahali nilipozoea. Kiti chake kilikuwa wazi. Mtoto wake mkubwa, miaka kumi na moja, alikuwa sakafuni na mdogo wake wa kike. Nilimwambia, "Mumetufunga. Nimeleta masikio."

Alimtazama mama yake. Kisha akaenda chini ya kabati akatoa mkebe wa maziwa ya unga, akaumimina mezani. Vizibo. Sikujua kama vimetunzwa. Akaanza kuvipanga, taratibu, akikosea, akirudisha, na kile kilichopinda akakiweka beki ya kulia bila kuambiwa na mtu. Alisimulia mechi aliyoisikia redioni tu. Bao la kwanza alilisimulia mara mbili. Kipindi cha pili alikichanganya chote, akampa kadi mchezaji ambaye hata hakuwa uwanjani. Nilifungua mdomo kumsahihisha, nikakumbuka sheria: hakuna kukatiza. Nikanywa munkoyo wangu. Ilimchukua dakika ishirini, naye jasho likimtoka puani kama baba yake.

Alipomaliza aliniuliza juu ya Abu Dhabi. Hapo sikuficha kitu. Baba yake alikuwa amemsimulia mwaka 2010 mara nyingi hivi kwamba mtoto aliamini Mazembe ilitwaa Kombe la Dunia la klabu. Nilimweleza sawasawa. Kwanza Pachuca ya Meksiko, 1–0. Kisha tarehe 14 Desemba, Internacional ya Brazil, 2–0, Kabangu na Kaluyituka, na Kidiaba kipa akishangilia kwa kuruka juu ya makalio yake kuvuka eneo lake lote. Hakuna klabu yoyote nje ya Ulaya na Amerika ya Kusini iliyokuwa imefika fainali ile kabla yao. Kisha tarehe 18, Inter Milan, 0–3. Mtoto alinyamaza. Nikamwambia na lile ambalo baba yake alipenda kuliko yote: jioni ile ya Internacional tulikuwa watu arobaini mbele ya televisheni moja, umeme umekatika, jenereta linanguruma, petroli tumeichangia, na bao la pili lilipoingia, mimi, mtoto wa Cheminot, nilimrukia baba yake shingoni tukaanguka wote juu ya sufuria ya bukari, ugali wetu. Yaya hakunisamehe. Hadi mwisho, nikimchokoza sana, alisema tu, "Nilikuona ile siku, kunguru."

Ninalotaka ushike hapa ni namna ya kuwasimulia watoto. Waambie mabao aliyoshangilia na yale yaliyomlaza bila kula. Mtu wa mpira anajulikana zaidi siku ya kufungwa. Usiku wa ile 0–3 yaya alikuja kwangu kwa miguu, ijapokuwa si Lupopo iliyomfunga, akakaa, akasema, "Leo niko na masikio tu." Tulikaa hadi usiku mkubwa bila kusema neno. Mtoto wake alistahili kumjua na huyo.

Sasa imekuwa hivyo. Sijakosa derby tangu siku ile, na tukifungwa natembea. Njiani watu wa mtaa wananijua, wananiuliza, "Ile deni ya yaya?" nami naitikia. Wengine walidhani najitesa. Kwa kweli ni siku ambazo kifua changu kinapumua. Ukitaka kufanya kama mimi, tafuta jambo moja dogo mlilokuwa mkifanya wawili, jambo lisilohitaji fedha wala kamati wala hotuba, ulifanye siku yake ile ile, hata ukiwa huna moyo. Hasa ukiwa huna moyo. Na ukae upande wako.

Kitu kimoja sikuwa nimekifikiria. Ikafika Jumapili ambayo Lupopo tulishinda. Nilirudi nyumbani nikiimba, nikafika mlangoni, na hapo ndipo iliponipiga: hakuna wa kuja. Mke wangu aliweka chakula, sikugusa. Niliketi nje kwenye ngazi hadi giza likaanza kuingia na vumbi la barabara likatulia.

Wakaja wawili, wameshikana mikono, yule mkubwa amevaa jezi ya baba yake iliyomfika magotini, na mdogo wake wa kike amekumbatia ule mkebe wa maziwa. Walikuwa wametembea. Wakanisalimu kwa heshima, wakakaa kwenye ngazi, mmoja kulia, mwingine kushoto.

"Baba mudogo," akasema mkubwa, hanitazami, "tumeleta masikio."