Wasomaji Wanauliza: Je, Mama wa Miaka 70 Ataweza Kulala Katika Kinu cha Upepo?

SWALI

Mhariri, pokea salamu zangu. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, ninaishi Brussels pamoja na mume wangu na watoto wetu watatu. Agosti mama yangu, mwenye umri wa miaka 70, atatutembelea, nasi tumekusudia kumpeleka mashambani Ufaransa kwa wiki moja. Mume wangu ameona tangazo la kinu cha zamani cha upepo katika eneo la Anjou, karibu na mto Loire, ambacho kimegeuzwa kuwa nyumba ya wageni wanaojipikia na kujihudumia wenyewe. Picha zake zinavutia mno, lakini mama anaumwa magoti, na hapendi kukaa siku nyingi bila kupika chakula chake. Je, mahali hapo patamfaa? Na tuulize nini kabla ya kutoa pesa?

Binti wa Tanga, Brussels

JIBU

Binti wa Tanga, salamu zako zimefika. Umefanya vyema kuuliza mapema, kwa sababu picha za vinu hivi nyingi hupigwa kutoka nje, na mambo yatakayomhusu mama yote yamo ndani.

Nililala wiki nzima katika kinu cha namna hiyo. Jiko na meza vilikuwa chini, vitanda vya watoto ghorofa ya kati, na kitanda chetu juu kabisa chini ya paa. Choo kilikuwa kimoja tu, nacho kilikuwa chini. Usiku wa kwanza nilishuka kinyumenyume, mkono mmoja ukishika kamba iliyofungwa ukutani, mwingine ukishika tochi, huku kila kidato kikiwa chembamba kiasi kwamba unyayo haukupata kukaa wote. Mimi niliweza. Mama yangu mzazi nisingethubutu kumpitisha pale.

Ubaya huo hautokani na uzembe wa mwenye nyumba, bali na kazi ambayo jengo lilijengewa. Nafaka ilivutwa kwa kamba hadi juu, ikateremka kwa uzito wake yenyewe hadi kwenye mawe ya kusagia, na unga ukapokewa kwenye magunia chini yake. Ndiyo sababu mnara ni mwembamba, vyumba ni vya mviringo na vimepandana, na ngazi zake zilimtosha mtu mmoja mwenye miguu imara. Wafaransa hadi leo huiita ngazi yoyote iliyosimama wima na yenye vidato vilivyo wazi kwa nyuma échelle de meunier, yaani ngazi ya msagaji. Ukiyaona maneno hayo katika tangazo, jua kwamba mama hatapanda.

Hata hivyo, Anjou ina jambo moja linaloweza kuwafaa. Pamoja na minara ya kawaida, eneo hilo lina vinu vinavyoitwa cavier: chini kuna vyumba vya mawe vyenye dari za upinde, juu yake umejengwa mnara wa mawe wenye umbo la pia iliyogeuzwa, na kileleni kuna kibanda cha mbao kilichoweza kuzungushwa ili mabawa yaelekee upepo. Katika kinu cha aina hiyo nafasi kubwa iko chini, si juu. Aidha, baadhi ya vinu bado vina nyumba ya msagaji pembeni, na mara nyingine vyote viwili hupangishwa pamoja. Kwa maoni yangu, msichukue kinu chochote kisichokuwa na moja ya mambo hayo mawili. Mama alale chini, choo na bafu viwe katika usawa uleule na kitanda chake, na watoto wapande mnarani wanavyotaka. Msikubali jibu la “ngazi si mbaya sana”. Ombeni picha ya ngazi iliyopigwa kutoka chini na picha ya mlango wa choo.

Hakikisheni vilevile kwamba tangazo limesema moulin à vent, yaani kinu cha upepo. Neno moulin peke yake ni kinu tu, na vingi vinavyopangishwa ni vya maji, vilivyo ukingoni mwa mto au mfereji. Mkiwa na watoto watatu, tofauti hiyo si ndogo.

Kama mabawa bado yapo, ulizeni kama yamefungwa imara. Hapo mama atakuwa na la kuwaeleza wajukuu, kwa kuwa mabawa ya zamani yalikuwa fremu za mbao zilizotandazwa nguo, na msagaji aliikunja au kuikunjua kulingana na upepo, kama nahodha wa jahazi anavyopunguza tanga kusi likizidi. Katika karne ya 19 Mfaransa aitwaye Berton alileta mabawa ya mbao nyembamba ambayo msagaji aliyafungua na kuyafumba akiwa ndani, bila kupanda juu ya fremu katika dhoruba. Mtu aliyekulia mbele ya bandari ya Tanga ataelewa upesi kwa nini hilo lilikuwa jambo kubwa.

Sasa jikoni. Ulizeni jiko ni la gesi au la umeme, na kama ni la umeme, ni la aina gani. Majiko ya induksheni, yaani ya umeme yanayopasha sufuria kwa nguvu ya sumaku, yameenea sana Ufaransa, na sufuria ya alumini, ambayo ninashuku mama anaipanga begini tayari, haipati moto kabisa juu yake. Mimi nilijifunza hivyo nikiwa na mchele uliokwisha kuoshwa na wali usioiva. Jaribuni kwa sumaku: ikinasa kwenye kitako cha sufuria, itafanya kazi. Vifaa vya umeme kutoka nyumbani vitahitaji adapta ya plagi yenye miguu miwili ya mviringo, ingawa nguvu ya umeme haitofautiani sana na ya kwetu. Nazi mama anaweza kuja nazo, kwa kuwa nazi na ndizi ni miongoni mwa matunda machache yanayoruhusiwa kuingia Umoja wa Ulaya bila cheti cha afya ya mimea. Embe haziruhusiwi bila cheti hicho, na samli na nyama za aina yoyote aziache Tanga. Tui la kopo hupatikana katika maduka makubwa ya Ufaransa, lakini nyama halali msiitegemee kijijini. Nunueni Brussels au katika mji wa Angers, mwende nayo katika kisanduku cha barafu. Kumbukeni pia kwamba maduka mengi ya vijijini hufungwa mchana kwa saa mbili hivi, Jumapili alasiri, na mara nyingi Jumatatu, na kwamba tarehe 15 Agosti ni sikukuu ya taifa.

Kuhusu pesa, kuna neno moja linalohitaji macho makali. Malipo ya awali yakiandikwa arrhes, mnaweza kujitoa kwa kuyapoteza, na mwenye nyumba akijitoa atawarudishia mara mbili yake. Yakiandikwa acompte, pande zote mbili zimefungwa na mkataba, na anaweza kuwadai kodi yote hata msipokwenda. Kwa kuwa safari yenu inategemea viza na afya ya mtu mzima, ombeni arrhes, na liandikwe. Sheria ya Ufaransa inamtaka anayepangisha nyumba ya likizo atoe maandishi yenye bei na maelezo ya nyumba, kwa hiyo kudai karatasi hiyo si kumkosea heshima. Someni humo kama mashuka na usafi wa mwisho vimo katika bei, na amana ya uharibifu ni kiasi gani. Kodi ya utalii hutozwa kwa kila mtu mzima kwa kila usiku, watoto chini ya miaka 18 hawalipi.

Nyumba yenye nembo ya Gîtes de France, yaani mtandao wa nyumba za likizo za mashambani, hupewa masuke ya ngano, kuanzia moja hadi matano, kwa kadiri ya starehe zake. Utaratibu wa nyumba hizo ulianza mwaka 1951 katika milima ya kusini-mashariki, ili familia za mijini zipate likizo ya bei nafuu na majengo ya mashambani yasianguke. Masuke mengi lakini hayamaanishi kwamba ngazi ni fupi, basi yasiwafanye mwache kuuliza.

Agosti nyumba nyingi za aina hii hupangishwa kuanzia Jumamosi hadi Jumamosi, na zile zenye chumba cha kulala chini huwahiwa na familia zenye wazee kama yenu. Mwandikieni mwenye kinu wiki hii. Swali la kwanza liwe la choo.