Fedha za Serikali kwa Utafiti wa Insia na Sanaa: Maswali Yenu

Insia, yaani taaluma kama historia, lugha na falsafa, hazihitaji maabara. Fedha zote hizo ni za nini?

Ni za muda wa watu. Mchukulieni msaidizi wa utafiti anayenakili kanda ya masimulizi: amevaa visikizi, anairudisha nyuma kanda mara tano kwa ajili ya neno moja ambalo msimulizi alilitamka huku amekipa kinasa sauti kisogo. Saa moja ya sauti humla siku nzima na zaidi, na kazi hiyo haina njia ya mkato. Ujerumani imelielewa jambo hili vizuri, kwa kuwa katika mpango wake wa akademia za sayansi serikali kuu na majimbo huchangia nusu kwa nusu kugharimia kamusi na uhariri wa hati kwa miongo. Kamusi kubwa ya Kilatini iliyoanza kuandaliwa mwaka 1894, yenye makao yake Munich, bado inaendelea kuandikwa.

Je, nchi zote hugawa fedha kwa njia moja?

Hapana. Nchini Uingereza mtafiti huwasilisha andiko la mradi na kushindania ruzuku katika Baraza la Utafiti wa Sanaa na Insia, lililopata hadhi hiyo mwaka 2005. Kituo cha utafiti cha taifa cha Ufaransa, CNRS, kilichoanzishwa mwaka 1939, huajiri watafiti wa kudumu, wa insia wakiwemo. Naona mfumo wa Kifaransa una faida moja kubwa, kwamba mwenye mshahara wa uhakika huthubutu kuuliza swali la miaka kumi, ilhali anayetegemea ruzuku ya miaka mitatu hujikuta akichagua swali litakalokwisha kabla ya fedha kwisha.

Msanii naye anaweza kuomba fedha za utafiti?

Nchini Uingereza anaweza, mradi kazi yake ijibu swali la utafiti na mbinu zake zielezwe.

Insia hupata kiasi gani zikilinganishwa na sayansi?

Kidogo mno. Mwaka 2024 shirika la insia la serikali ya Marekani, lililoundwa kwa sheria ya 1965, lilitengewa dola milioni 207, wakati lile la sayansi, NSF, lilipata zaidi ya dola bilioni 9.

Waziri anaweza kuukataa mradi uliopitishwa na wataalamu?

Australia iliwahi kutokea. Mwaka 2018 ilibainika bungeni kwamba waziri wa elimu alikuwa amekataa kimyakimya miradi 11 ya insia, yenye thamani ya dola za Australia milioni 4.2, ambayo wanataaluma walikwisha kuipendekeza. Mwishoni mwa 2021 mingine sita ikakataliwa. Hilo linaniuma, kwa sababu waombaji hao walishindanishwa kwa haki na wakashinda. Sheria ya mwaka 2024 imekabidhi uamuzi huo kwa bodi ya baraza la utafiti, na waziri amebakiwa na mamlaka ya kuzuia ruzuku kwa sababu za usalama wa taifa.