Paswadi Niliyoiacha Kwenye Karatasi

Siku ile nilikuwa kijijini, karibu na Tororo, tukimzika shangazi yangu. Lakini kwa mujibu wa kompyuta ya ofisini nilikuwa mezani kwangu Busia, saa nane na dakika kumi mchana, nikiidhinisha muamala. Wakaguzi walinionyesha jina langu kwenye skrini na mimi nikakosa la kusema. Nilijua limefikaje pale. Asubuhi ile, kabla ya kupanda teksi, nilimwandikia mwenzangu paswadi yangu kwenye kipande cha karatasi ili wateja wasikwame.

Sote tulikuwa tukifanya hivyo. Tawi la taasisi yetu ya fedha lilikuwa dogo, watu tumezoeana kama ndugu, na kumnyima mwenzako paswadi kulionekana ni kumwita mwizi. Sasa naona tulikuwa tukijidanganya. Kazi ya pesa husimama juu ya watu wawili: mmoja anaingiza, mwingine anaangalia na kuidhinisha. Nilipoiacha ile karatasi, mtu mmoja aliweza kuwa wote wawili.

Wengi wakisikia wizi wanafikiria pesa kutolewa dirishani. Siku ile haikutoka hata shilingi. Kilichobadilishwa ni namba ya simu kwenye akaunti ya mama mmoja muuza samaki, akaunti iliyokuwa imelala zaidi ya mwaka. Baada ya siku 3 namba hiyo mpya ikaunganishwa na huduma ya kutoa pesa kwa simu, ujumbe wa kuthibitisha ukaenda kwa mwizi badala ya kwa mwenyewe, na shilingi milioni 3 na laki 8 zikatoka usiku, kidogo kidogo. Mama alikuja mwanzo wa muhula kuchukua ada ya mjukuu wake. Nilikuwepo alipoambiwa salio.

Taasisi ilimrudishia pesa zake, na sehemu ikakatwa kwenye mshahara wangu. Karatasi yenyewe ilikuwa imepita mikono mingi. Mpaka leo sijui ni nani aliyeitumia.

Kwa hiyo, ewe unayekaa kaunta, ombi la kubadilisha namba ya simu lichukulie kama ombi la kutoa pesa zote zilizomo. Mimi sasa napiga kwanza ile namba ya zamani. Mara kadhaa mwenyewe amepokea na kushangaa. Isipopokelewa, namtaka mteja aje mwenyewe na kitambulisho cha taifa, nalinganisha sura na sahihi, namuuliza akaunti aliifungua lini na kwa nini amebadilisha laini. Akaunti ikiwa imelala, namwita msimamizi aje aangalie kwa macho yake. Ndiyo, inachukua muda.

Halafu kuna simu za "makao makuu". Sauti ya mzee, tulivu, inajua jina lako na la meneja wako: "Tunarekebisha mfumo, nisomee namba iliyoingia kwenye simu yako sasa hivi." Huja Ijumaa jioni, au siku ya kuamkia sikukuu, ukiwa unahesabu hela za kufunga. Tumelelewa kuheshimu wakubwa, na mwizi anaitegemea heshima hiyo. Mheshimu, lakini kata: "Sawa mzee, nakupigia kwenye namba ya ofisi." Usitumie namba atakayokupa yeye. Bosi wa kweli atangoja.

Barua pepe nazo zisomwe polepole. Februari 2016 wezi walichukua dola milioni 81 za Benki Kuu ya Bangladesh, na wachunguzi walikuta kwamba njia yao ya kuingilia ilikuwa barua pepe za mtu aliyejifanya anatafuta kazi. Nani kati yetu hapokei wasifu wa vijana wanaoomba kazi? Walituma maagizo Alhamisi usiku, kwa kuwa Ijumaa ni siku ya mapumziko kule. Agizo moja la dola milioni 20 lilikwama kwa sababu neno moja la jina la mpokeaji lilikosewa herufi, na benki iliyokuwa katikati ikauliza. Kuuliza tu. Hapa kwetu Uganda, Oktoba 2020, miamala kati ya benki na pesa za simu ilisimamishwa baada ya wizi wa kimtandao, na sisi wa kaunta ndio tuliosimama mbele ya wateja kuwaeleza.

Mengine ni madogo ila yafanye kila siku. Ukienda kuchukua chai, funga skrini. Kwenye kompyuta nyingi ni kitufe cha Windows pamoja na L. Flashi usiyoijua usiichomeke. Na fomu ya mteja usiipige picha kuituma kwenye kundi la WhatsApp, hata kama bosi ndiye anayeidai haraka: tangu 2019 tuna sheria ya kulinda taarifa za watu.

Mwezi uliopita mwenzetu mmoja alifiwa na baba yake. Aliondoka na paswadi yake kichwani. Meneja akaomba makao makuu Kampala wampe mtu mwingine ruhusa ya kuidhinisha kwa jina lake mwenyewe, na ruhusa ilichukua saa moja na nusu kufika. Foleni ilifika mlangoni. Mfanyabiashara mmoja aliyevuka kutoka upande wa Kenya aliniambia sisi ni wazito sana. Nikamwomba radhi, nikamletea kiti, tukangoja.